Nyaya za Madame Préfet

Mpaka leo watu wa barabara yetu kule Katuba wakimtaja husema Madame Préfet tu, ingawa alikuwa amekwisha kuacha kazi ya kuongoza shule ya sekondari kabla sijahamia kwake. Nilifundisha Kifaransa chini yake miaka ya mwisho ya kazi yake. Baadaye nikapanga annexe, nyumba ndogo iliyo nyuma ya nyumba yake, ndani ya lupango lilelile, kiwanja kimoja chenye geti moja. Kwa hiyo nilimjua kama mkubwa wa kazi, kisha nikamjua kama jirani ambaye kikohozi chake nilikisikia kupitia ukutani. Jina lake nalijua. Siliandiki kwa sababu hakupenda litajwe na mtu asiye wa ukoo wake.

Siku ya kwanza aliyoniingiza katika salon yake, sebule ya mbele, aliniambia nivue viatu, niache simu nje, na nisiguse kitu. Nilifikiri ni mambo ya usafi. Ndani mlikuwa na kiti kimoja tu, kimewekwa katikati kabisa, na mbele yake spika mbili ndefu, zimesimama kama wanafunzi walioitwa mbele ya darasa. Kutoka kwenye mashine za kupigia muziki hadi kwenye spika zilitambaa nyaya nene kama kidole gumba, zimevikwa kitambaa cha kusokotwa cha rangi ya kahawia, ncha zake zimepakwa dhahabu. Hazikulala juu ya saruji. Alikuwa amechongesha vigogo vidogo kwa seremala, na kila waya ulipumzika juu ya vigogo vyake.

"Zikigusa chini, sauti inachafuka," akasema. "Ikala."

Nikakaa. Yeye alisimama nyuma yangu, mkono juu ya mgongo wa kiti. Kwaya ya wanawake ikaanza kuimba.

"Unasikia?"

"Nasikia, Madame."

"Unasikia nini?"

"Wimbo."

Alishusha pumzi kama alivyokuwa akifanya ofisini mwanafunzi akimletea jibu la kijinga. "Weye unasikia wimbo. Mi nasikia bantu." Alimaanisha watu wenyewe.

Sikio hilo nililifahamu tangu shuleni. Alivaa viatu vya soli laini, akapita kwenye korido bila kuchungulia darasa lolote. Alisimama tu mlangoni, kichwa kimeinama, kisha akaendelea. Jioni alikuita akakuambia ulichofanya. Mara moja aliniambia, "Darasa yako leo ilikuwa na kelele ya bantu banafanya kazi. Ile ya pembeni ilikuwa na kimya ya bantu banalala." Mwalimu wa darasa la pembeni hakubisha. Hakuna aliyebisha.

Muziki aliuachiwa na mume wake, mtu wa migodini, aliyefariki akimwachia mashine, spika na nyaya za kawaida. Angeweza kuishia hapo. Lakini kulikuwa na kanda moja ya zamani, ya kwaya ya parokia, iliyorekodiwa yeye na mdogo wake Chanda wakiwa wasichana. Chanda ndiye aliyeimba peke yake katikati. Baada ya wimbo wa tatu watu wanakohoa, benchi linasogezwa, kisha mtu ananong'ona. Ni kitu kidogo sana. Ukiwa hukuambiwa, hukisikii.

"Pale!" alikuwa akisema, kidole juu. "Umesikia? Ule njo Chanda. Mi nilisimama pembeni yake. Alinisemesha kintu mu sikio, na mi nimesahau."

Ni kwa ajili ya mnong'ono huo alibadilisha waya wa kwanza. Akasikia kidogo zaidi, au alidhani amesikia, akabadilisha wa pili. Halafu waya wa umeme, halafu kipande kifupi kinachounganisha mashine na mashine. Friji iliuzwa, meza ya kulia ikafuata. Yeye aliyewavua wasichana wetu hereni getini na kuwaambia kwamba shule haiko fasi ya kuonyesha mali, sasa alibaki na vitenge viwili vya kubadilisha, vikwembe kama tunavyoviita, na waya ambao watu wa Ulaya huusifia kwenye magazeti ya rangi.

Nilimwuliza kwa nini asimwulize Chanda mwenyewe. Chanda alikuwa hai, ameolewa Kilwa, kando ya ziwa Mweru, na simu alikuwa nayo.

"Nikimuuliza, atanijibu ya leo," akasema. "Mi nataka ya siku ile."

Mtu aliyemletea nyaya hizo ni Baba Amisi, mzee Mwislamu wa ukoo wa Maniema, mwenye duka la vyombo vya muziki upande wa Naviundu. Ndugu zake wa Dubai walimwagizia. Alipenda kucheka na kazi yake. "Shaba inatoka hapa kwetu mu lori, yote vumbi," aliniambia siku moja akifungua sanduku. "Inaenda kuvala suti kule mbali. Inarudia, na sisi hatuitambue tena." Alimwonyesha Madame Préfet mshale mdogo ulioandikwa juu ya waya, wa kuonyesha sauti inapaswa kwenda upande gani, na yeye mwenyewe akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesoma maneno ya mwenzake asiyoyaamini. Madame Préfet aliuchukulia mshale ule kwa uzito wote. Alisema waya mpya ni kama mwanafunzi mpya, lazima uuzoeshe. Aliacha muziki ukipiga mchana kutwa katika chumba kisicho na mtu, yeye akiwa jikoni, ili waya ujifunze.

Aliniita kulinganisha. Waya wa zamani, halafu mpya. Nilimwambia ukweli kwamba kwangu ni sawasawa.

"Masikio yako ingali shuleni," akasema, bila kukasirika.

Siwezi kusema kwamba alikuwa mtu mbaya au mchoyo. Nilipougua malaria alinipikia bukari, ugali wetu, na samaki siku zote nilizolala. Watoto wa barabara walioshindwa hesabu aliwafundisha bure. Ila hayo yote, kidogo kidogo, yalianza kupitia kwenye vyuma.

Kwetu kila nyumba inayojiweza ina antivol, vyuma vya dirishani na mlangoni. Yeye alianza na dirisha la salon. Halafu mlango wa mbele, halafu wa nyuma, halafu akaita fundi aweke vyuma hata chini ya dari, kwa sababu alisikia mahali fulani wezi walipita juu. Kila aliponunua waya, kufuli iliongezeka. Funguo alizifunga kiunoni chini ya kikwembe, na alipotembea zililia.

Usifikiri aliogopa mwizi mwenye kupenda muziki. Huyo angemvumilia. "Bale bantu habajue kintu," aliniambia. "Batazikata na kisu, batazivula nguo, batauza kwa kilo." Na hakuwa anaota. Katika mji huu shaba huibwa kila siku, bomba, waya wa simu, hata kengele ya shule fulani, na yote huishia kwenye mizani ya mtu asiyeuliza swali.

Kisha wakaja kweli, lakini si kwake. Watu waliovaa kama wafanyakazi walisimamisha ngazi mchana kweupe barabarani kwetu, wakakata waya mkubwa wa umeme, wakaukunja, wakaenda zao. Sisi tuliwasalimia. Mtaa wetu ulikaa bila umeme msimu mzima wa mvua. Mashine za Madame Préfet zikanyamaza, na mimi nikajiambia, sasa angalau atapumzika, atakwenda kanisani, atakwenda kilio cha jirani kama watu wote. Badala yake akamwita fundi aongeze kufuli nyingine.

"Madame, lakini hakuna umeme. Huwezi hata kusikiliza."

"Sasa banajua fasi yetu iko giza," akajibu.

Ndipo aliacha kutoka kabisa. Mboga alimwagiza mama wa jirani. Watoto wa hesabu waliketi barazani, yeye akawaandikia ubaoni akiwa upande wa ndani, na waliposhindwa kuona walibandika nyuso zao kwenye vyuma. Padri alimletea komunyo akampa kati ya chuma na chuma. Yeye mwenyewe aliona jambo hilo lilivyo, maana alicheka akaniambia, "Hata Yesu anapitia mu antivol." Nilicheka naye. Halafu tukabaki tumesimama, yeye ndani, mimi nje, sahani ya bukari aliyonipitishia ikiwa mkononi mwangu.

Umeme uliporudi, habari za Chanda zilikuwa zimekwisha kuwa mbaya. Moyo wake ulichoka na miguu ilimvimba. Alituma sauti zilizorekodiwa kwa simu kila baada ya siku kadhaa, na Madame Préfet hakuvumilia kuzisikiliza. Alisema telefone inamfanya mdogo wake kuwa mwembamba. Akamwagiza Baba Amisi waya wa kuunganisha simu na mashine zake.

Mzee aliuleta, akauchomeka mwenyewe. Nilikuwepo, niliitwa nisikilize. Sauti ya Chanda ikatoka katika zile spika mbili kubwa, ikajaza chumba, kana kwamba mwanamke mgonjwa amekaa sakafuni mbele yetu.

"Yaya, dada yangu, ni mi. Miguu inavimba tena. Kuya, yaya. Hata siku mbili. Kuya tuikale tu, hatutafanya kintu."

Madame Préfet alifumba macho. Akarudisha mwanzo, tukasikia tena. Akarudisha tena.

"Unasikia vile anavuta pumzi? Na kule nyuma, muntu eko anatwanga. Unasikia mutwangio?"

"Madame," nikasema, "anakuomba uende."

"Nimesikia." Hakufumbua macho. "Nilisikia mbele weye usikie."

Baba Amisi alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia yake mkononi. Akasema kwa upole, "Mama, enda umuone mudogo wako. Mi na batoto bangu tutakuchungia nyumba. Hakuna muntu atagusa."

Madame Préfet akamgeukia. Alimwangalia muda mrefu, na mimi nikamwomba Mungu asiseme alichokuwa anataka kusema. Akakisema. "Weye mwenyewe njo unajua bei yake."

Mzee alivaa kofia yake. Aliniaga mimi, akamuaga na yeye, kwa heshima yote, akatoka. Hakumletea tena kitu chochote. Miaka yote waliyojuana iliishia pale mlangoni, na nadhani Madame Préfet aliumia zaidi kuliko yeye, maana jioni ile alinisemesha kupitia dirishani, "Nimemuambia mubaya, hapana?" Nikasema ndiyo. Akafunga dirisha.

Baada ya hapo nilijitolea mimi. Nilimwambia nitalala humo salon, sitatoka mpaka arudi. Alifikiri siku kadhaa, akakubali. Alfajiri ya safari alivaa kikwembe chake kizuri, akabeba sanduku dogo na chupa ya chai. Nilipokwisha kuketi kwenye kiti chake, nikasikia kufuli zikifungwa upande wa nje.

"Madame! Unanifungia?"

"Ni kwa usalama yako," akasema. "Mi nitarudia."

Nilisikia funguo zikilia mpaka getini. Mwanzoni nilicheka peke yangu. Nilitembea kuzunguka kiti, nikiinua miguu juu ya nyaya. Kisha nikaanza kusikiliza. Mtu alipita nyuma ya ukuta, nikasimama. Paka aliruka juu ya bati, nikakimbilia mlangoni. Nilijikuta nikiangalia dari, mahali pa vyuma, nikijiuliza kama vimeshika vizuri. Jua lilikuwa halijafika katikati, na tayari nilikuwa nawachukia watu wote waliokuwa wakipita barabarani, watu ninaowasalimia kila siku.

Halafu funguo zikalia tena. Alikuwa amerudi.

"Gari limeharibika?"

"Hapana. Gari imeenda."

Hakuvua kitambaa cha kichwani. Alipiga magoti na kugusa nyaya moja baada ya nyingine, kuanzia kwenye mashine hadi kwenye spika. Ndipo akakaa juu ya sanduku lake.

"Nilifika pale parking," akasema. "Nilipanda, nikaikala pembeni ya dirisha. Hata bagages balikuwa bamefunga juu ya gari. Alafu nikaanza kusikia hapa."

"Ulisikia nini?"

"Nilisikia iko kimya." Akafuta uso kwa ncha ya kikwembe. "Nikashuka."

Nilikwenda Kilwa mimi, likizo ya shule ilipofika. Barabara ilikuwa mbaya kiasi kwamba tulishuka mara nyingi kusukuma. Chanda nilimkuta kibarazani, miguu ndani ya beseni la maji, mwanamke mnene mwenye macho ya dada yake na kicheko ambacho dada yake hakupewa. Alipoona nimeshuka peke yangu aliangalia nyuma yangu kidogo, kisha akanikaribisha kana kwamba mimi ndiye aliyekuwa akingojewa.

Nilimwuliza kuhusu mnong'ono wa kwenye kanda. Alicheka mpaka maji yakamwagika.

"Mi nilimuambia nini? Sijue, mama. Pengine nilimuambia ananikanyaka ku muguu. Yaya alikuwa anakanyaka bantu sana." Kisha kicheko kikamwishia. "Umuambie aache kusikiliza ule Chanda wa mu masini. Mi niko hapa."

Nilikusudia kukaa siku chache. Mvua zikanyesha, magari yakakwama, na Chanda akafa asubuhi moja mimi nikiwa bado pale, nimemshika mkono upande mmoja, binti wa mume wake upande wa pili. Nilimpigia Madame Préfet simu. Nilimwambia mdogo wake amefariki.

"Banamuvalisha nini?" akauliza.

"Kikwembe ya bluu, Madame."

"Bien," akasema, na simu ikakatika.

Niliporudi alikuwa amenyoa nywele na kuvaa nguo nyeusi. Majirani walikuwa wametandika mikeka barazani kumfanyia kilio, yeye akiwa ndani, wao nje, wakiimba kuelekea mlangoni. Walipoondoka nilimpa maneno ya Chanda kuhusu kukanyagwa mguu. Nilidhani yatamfanya atabasamu. Alitikisa kichwa polepole.

"Hapana," akasema. "Ilikuwa neno ya murefu kuliko ile."

Habari za mazishi hakuniuliza. Nami sikujua jinsi ya kuanza kumweleza mtu aliyesimama nyuma ya vyuma.

Mwaka uliofuata nilipata kazi shule nyingine, ng'ambo ya mji, nikahama. Nilimtumia salamu. Kila sikukuu nilisema nitapita, na sikupita. Kiangazi kilichopita nilikuwa na shughuli Katuba, miguu yenyewe ikakata kona kwenye barabara yetu.

Annexe ilikuwa na wapangaji wengine, nguo za mtoto zikianikwa. Nilipiga hodi kwenye nyumba kubwa. Alikuja taratibu, amekonda, mvi zimeota tena fupi kichwani. Alinitambua kwa sauti kabla hajaniona.

"Mwalimu! Umenenepa mu sauti."

Tulisalimiana kwa kushikana vidole kati ya vyuma. Macho yangu yalipozoea giza la ndani nikaona salon nyuma yake. Ilikuwa tupu. Spika hazikuwepo, mashine hazikuwepo, sakafuni hakukuwa na waya wala vigogo. Kiti chake tu kilikuwa pale, na ukutani alama mbili ndefu ambapo rangi ilikuwa haijafifia.

"Bamekuibia?" nikauliza.

"Hapana. Nilituma bamuite Baba Amisi." Alisema kama anayetoa habari za shule. "Nilimulomba pardon. Alafu nilimuambia abebe byote. Ule muzee alilia. Mi sikulia."

"Na ile kanda?"

"Na ile."

Nikasema lile ambalo mtu yeyote angesema. "Basi Madame, sasa unaweza kutoka. Tuende wote mpaka barabarani. Tununue hata ndizi."

Aliangalia getini, juu ya bega langu. Funguo zilikuwa zimetundikwa kwenye msumari karibu na mkono wake. Kiunoni hakuzivaa tena. Nilimwona akizitazama, mkono ukainuka kidogo, ukashuka.

"Na nyumba," akasema, "nani atabakia nayo?"

Nyuma yake kulikuwa na kiti tu cha kulinda. Sikumwambia. Tulizungumza habari nyingine, za walimu waliokufa, za wanafunzi waliooa. Jua lilipoanza kuingia barazani nilisema nakwenda. Akanishika vidole tena, hakuniachia.

"Mulimuzika fasi gani?"

Ilinichukua muda kuelewa kwamba anamuulizia Chanda. "Kule juu, Madame. Nyuma ya kanisa. Kuna mteremko."

"Mayi ya ziwa inaonekana?"

"Inaonekana. Ukisimama pale unaiona yote."

"Na kama muntu eko analala?"

Nikafikiri vizuri, kwa sababu hakuwa mtu wa kupewa jibu la haraka. "Walimlaza akielekea huko," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. "Iko muzuri," akasema. "Iko muzuri. Sasa enda, magari itajaa."

Nilikuwa nimefika katikati ya lupango niliposikia komeo ya mlango wa vyuma. Niligeuka. Alikuwa ameifunga kwa ndani, na alikuwa anaivuta kwa mikono miwili, aone kama imeshika.